Babu Alikuwa Nani? Mwongozo wa Kumtafuta Mzee Mwenye Majina Mengi na Asili Isiyojulikana

Katika koo nyingi za Tanga, Tabora, Bagamoyo, Mombasa na hata Kibera kuna mzee mmoja ambaye nasaba ikimfikia hukwama. Jina lake la kwanza linajulikana, la pili linabishaniwa, na baba yake hatajwi kabisa. Wengine wanasema alikuja na vita vya Mjerumani, wengine wanasema alikuja kukata mkonge. Huyu anamwita Mnyamwezi, yule anamwita Mmanyema, na hakosi shangazi anayeshikilia kwamba jina tunalomwitia halikuwa lake la kuzaliwa. Mwongozo huu ni wa kumtafuta mzee wa aina hiyo kwa utaratibu, ili ukipata jibu uweze kulitetea mbele ya ukoo mzima, na usipolipata ujue umefika wapi.

Jambo moja lishike tangu mwanzo, kwa kuwa kila hatua inalitegemea: katika utafutaji huu, jina ndiyo alama dhaifu kuliko zote. Mtu alibadili jina aliposilimu, alipobatizwa, alipoandikishwa jeshini, alipopata uhuru wake kutoka utumwani, alipokimbia kodi. Wengine walifanya kazi kwa kipande, yaani kitambulisho cha kazi, cha mwenzao. Karani naye aliandika alichosikia. Lakini mtu hakuweza kwa urahisi kubadili watu waliomzunguka: aliosafiri nao, waliosimama kwenye ndoa yake, waliomzika, aliowapa watoto wake majina yao. Mtafute mzee kupitia hao.

Nitatumia mfano wa kubuni ili hatua zionekane. Tuseme mzee anaitwa Juma Feruzi, mtoto wake wa kwanza alizaliwa Muheza 1922, yeye amezikwa hukohuko katika miaka ya 1950, na watoto wake wawili wa mwisho, wote mabinti, bado wako hai.

Hatua ya 1: Andika kila neno pamoja na aliyelisema

Chukua daftari, gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza ni habari yenyewe, ya pili ni nani aliyeisema, ya tatu ni yeye aliijuaje. Safu hii ya tatu ndiyo watu wengi huiacha, nayo ina thamani kuliko zote. “Babu alikuwa askari wa Keya”, yaani jeshi la Kiafrika la Mwingereza, ni habari moja. Ikiwa binti yake aliona medali sandukuni, ni ushahidi wa macho. Ikiwa mjukuu alisikia kwenye arobaini ya mzee, ni uvumi mpaka upate wa kuutia nguvu.

Angalia pia kama wasemaji wako watatu walisikia kwa mtu mmoja. Ndugu watatu waliosimuliwa na bibi yuleyule ni shahidi mmoja, hata wakikuapia kwa pamoja.

Usifute habari inayopingana na nyingine. Ziandike zote mbili, zisubiri. Baadaye utaona kwa nini.

Hatua ya 2: Nenda kwa wazee kabla ya kwenda ofisi yoyote

Nyaraka zilizohifadhiwa zitakusubiri mwaka mzima. Mzee wa miaka tisini hawezi kukuahidi hivyo. Nenda kwanza kwake, nenda na ndugu anayemfahamu, usiende mikono mitupu, na kabla ya kuwasha simu kurekodi omba ruhusa waziwazi. Mzee akikataa kurekodiwa, andika kwa mkono, au andika ukirudi nyumbani jioni ileile.

Usianze kwa kuuliza “Babu alikuwa kabila gani?” Swali hilo huleta jibu lililokwisha kuandaliwa miaka mingi. Uliza mambo ambayo mtu hakuwahi kufikiri kwamba ni ushahidi:

Alipokasirika alifoka kwa lugha gani? Alihesabu kwa lugha gani akiwa peke yake? Kulikuwa na mnyama au samaki ambaye hakumla, na watoto walikatazwa pia? Alitahiriwa wapi, na nani alikuwa mwenzake wa jando? Alipoapa aliapa kwa nini? Kulikuwa na tambiko, na majina gani yalitajwa? Nani alikuja kumtembelea kutoka mbali na kulala zaidi ya usiku mmoja? Alipompa mtoto jina, alisema ni jina la nani?

Halafu uliza kuhusu msiba wake, na hapo kaa muda mrefu. Nani walimwosha? Nani walishuka kaburini? Nani walifanya utani? Katika Tanzania utani ni hazina ambayo mtafuta nasaba hapaswi kuipita. Watani hujulikana kwa makabila na kwa koo: Wazaramo na Wanyamwezi, kwa mfano, ni watani wa siku nyingi. Kama msibani Wazaramo waliokuwa jirani walizuia jeneza, wakadai fedha na kumtania marehemu, basi wao walimhesabu marehemu kuwa mtani wao, na walijua kwa nini. Jamii iliyomzunguka ilikuwa na uamuzi wake kuhusu asili yake, na uamuzi huo ulitolewa hadharani mbele ya mashahidi.

Kwa koo za Kenya, majina ya watoto yana kanuni zinazosaidia zaidi. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la baba wa baba yake, wa pili kwa jina la baba wa mama yake. Ukiwa na orodha ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, unaweza kupata jina la babu mkuu bila karatasi hata moja. Uliza pia rika la mzee. Kwa Wakikuyu na kwa Wakalenjin, mtu aliyesahau mwaka wake wa kuzaliwa hasahau rika alilotahiriwa nalo.

Suala la utumwa linahitaji adabu ya pekee. Huku pwani, familia nyingi zimebeba jambo hili kimya kwa vizazi vitatu au vinne, na mzee anaweza kufunga mazungumzo yote akihisi unamchimba. Usiliulize kwa jina. Uliza alikuja na nani, alikaa kwa nani, shamba la kwanza alilima la nani. Akiamua kukuambia, sikiliza tu, na umuulize mwenyewe kama angependa habari hiyo iandikwe.

Hatua ya 3: Geuza matukio kuwa miaka

Watu wa wakati ule hawakuishi kwa tarehe za karatasi, waliishi kwa matukio. Kazi yako ni kuyapatia miaka. Haya ni baadhi yanayotajwa mara kwa mara:

Sotoka iliyomaliza ng’ombe ni miaka ya 1890. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu 1901. Maji Maji ni 1905 hadi 1907. Nyota yenye mkia ilionekana 1910. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Vita vya Tanga vilipiganwa Novemba 1914. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916. Homa kuu ya mafua ilipita mwishoni mwa 1918. Rupia iliondolewa ikaja shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kisha ziko zilizo karibu: uhuru wa Tanganyika Desemba 1961, wa Kenya Desemba 1963, Mapinduzi ya Zanzibar Januari 1964.

Tuseme Juma Feruzi alisimulia kwamba wakati wa Maji Maji alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Mchungaji wa mbuzi ana miaka kama saba hadi kumi na mbili. Basi alizaliwa kati ya 1893 na 1900. Mwaka 1914 alikuwa kijana wa miaka 14 hadi 21. Usitafute mwaka mmoja kamili. Tafuta dirisha, kisha kila ushahidi mpya ulibane dirisha hilo.

Tahadhari moja kuhusu mahali. Wakati wa operesheni ya vijiji vya ujamaa, hasa 1973 hadi 1976, watu walihamishwa na majina ya vijiji yakahama nao. Kijiji kinachoitwa hivyo leo huenda hakikuwa pale wakati wa mzee. Uliza mlima, mto na mbuyu, siyo jina la kijiji peke yake.

Hatua ya 4: Andaa orodha ya namna jina lingeweza kuandikwa

Kabla ya kufungua daftari lolote la zamani, andika jina la mzee kwa sikio la karani. Mjerumani aliandika Juma kama Dschuma, na Feruzi kama Ferusi au Ferussi. Sauti ya “ch” aliiandika tsch, “sh” aliiandika sch, na “y” aliiandika j, hivyo Myao akawa Mjao na Mnyamwezi akawa Mnjamwesi. Mbelgiji angeandika Djuma Ferouzi. Mwingereza aliandika Jumah, Feruz, Ferooz, Faruzi. Neno “bin” liliwekwa au kuachwa bila utaratibu, na pengine kabila au kijiji kilichukua nafasi ya jina la pili.

Ongeza pia majina yote ya utani na majina ya ubatizo. Orodha hii ibebe kila uendako, maana daftari nyingi hazina faharasa, na jicho lililochoka huruka jina lisilofanana na lile linalolijua.

Uzito wa jina nao upime. Juma, Hamisi, Feruzi, Mabruki, Baraka, Uledi na Almasi yalienea mno kwa wapagazi, askari na watu waliopata uhuru. Kukuta “Juma Feruzi” kwenye orodha ya jeshi ni sawa na kukuta John Mwangi Nairobi. Kama mzee alikuwa na jina la nadra la kikwao, lile la nyumbani ambalo bibi pekee alilitumia, hilo lina nguvu mara nyingi zaidi.

Hatua ya 5: Fungua masanduku ya nyumbani

Tafuta stakabadhi za kodi, kipande, kadi ya chama, barua, karatasi ya kuachishwa kazi, hati ya shamba, cheti cha ndoa, picha. Geuza kila picha uone nyuma, jina la mpiga picha na mji wake yako pale mara nyingi. Fungua kurasa za mwanzo na mwisho za msahafu au Biblia ya familia. Ukikuta barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, usikate tamaa: wako walimu wa madrasa na wazee wa pwani wanaozisoma vizuri.

Medali ishike kwa uangalifu maalumu. Medali nyingi za Waingereza za vita vya 1914 hadi 1918 zilichorwa kwenye ukingo wake namba, jina na kikosi cha aliyepewa. Chukua kioo cha kukuzia, zungusha polepole, nakili kila herufi. Usiisugue kwa majivu wala dawa. Namba ile, tofauti na jina, ilikuwa ya mtu mmoja katika kikosi chake.

Kwa Kenya, kipande kilianza kutumika kwa wanaume Waafrika baada ya Vita Kuu, kuanzia 1919 na 1920, chini ya sheria iliyopitishwa 1915. Kilibeba alama za vidole, mahali pa asili na orodha ya waajiri. Ukikipata, umepata ramani ya maisha ya kazi ya mzee.

Hatua ya 6: Chagua kumbukumbu kwa swali, siyo kwa ofisi

Kosa la kawaida ni kwenda Makumbusho au Nyaraka na kusema “natafuta habari za babu”. Nenda na swali moja lenye dirisha la miaka na eneo. “Je, kuna Juma Feruzi aliyefunga ndoa Tanga kati ya 1918 na 1925?” ni swali ambalo mtunza nyaraka anaweza kulifanyia kazi.

Usitegemee sana vyeti vya kuzaliwa. Kwa sehemu kubwa ya kipindi cha ukoloni usajili wa vizazi na vifo haukuwafikia Waafrika wengi, kwa hiyo RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo wa Tanzania, itakusaidia zaidi kwa watoto na wajukuu wa mzee kuliko kwa mzee mwenyewe.

Kama mzee alipitia kanisa, anza na daftari za parokia au usharika. Wamisionari Waspiritani walifungua misheni yao Bagamoyo 1868 na kuwapokea watu waliokombolewa utumwani. Waanglikana wa shirika la misheni la UMCA walianzisha makazi ya Masasi 1876 kwa watu wa namna hiyohiyo, na CMS, shirika lingine la misheni la Waanglikana, walianzisha Frere Town, Mombasa, 1875. Daftari la ubatizo linaweza kuwa na jina la zamani, kabila, umri wa kukisia, wazazi na msimamizi. Msimamizi mwandike kwa herufi kubwa katika daftari lako. Mara nyingi alikuwa mtu wa kwao au aliyefika naye. Kwa Wakatoliki, soma pembeni ya ukurasa: kanuni iliyoanza kutumika 1908 iliagiza ndoa iandikwe kando ya ubatizo wa mhusika, hivyo kidokezo cha mke na parokia nyingine kinaweza kuwa pale, kwa Kilatini kilichofupishwa. Nyaraka za uongozi za UMCA ziko Oxford, za CMS ziko Birmingham. Daftari zenyewe za ubatizo mara nyingi zimebaki huku, parokiani au jimboni. Andika barua kwa paroko au mchungaji kabla ya kwenda.

Kwa Waislamu, uliza mahakama za kadhi na kumbukumbu za mirathi na wakfu. Shauri la mirathi ni la thamani kubwa kwa sababu lazima litaje warithi wote na uhusiano wao. Tarehe zikiwa za Hijria, zigeuze: mwaka 1340 ulianza Septemba 1921. Usizidishe wala kupunguza kwa kukisia, maana mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja.

Kama kuna dalili ya utumwa, tambua sheria ya mahali. Zanzibar hali ya utumwa ilifutwa kisheria Aprili 1897, na waliotaka uhuru walikwenda mbele ya mahakama kuuomba. Pwani ya Kenya ilikuwa 1907. Upande wa Mjerumani, watoto waliozaliwa tangu mwanzo wa 1906 walihesabiwa huru, na ofisi za wilaya zilitoa hati za uhuru kwa watu wazima mmoja mmoja. Utumwa ulifutwa kabisa Tanganyika 1922, chini ya Mwingereza. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, ndiko kwa kuanzia kwa visiwani. Kwa Bara ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako yako majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza. Omba pia vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza: vina orodha za majumbe, maakida na historia za koo kama zilivyosimuliwa kwa maofisa. Nairobi, Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, katika jengo lililokuwa benki.

Sasa vita, maana hapa ndipo familia nyingi hukwama. Kuna makundi matatu ambayo wajukuu huyachanganya. Kuna askari wa Mjerumani, kuna askari wa Keya yaani King’s African Rifles, na kuna wapagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha Mwingereza. Ukisikia “alikuwa vitani”, uliza alishika nini mikononi, bunduki au mzigo, na alilipwa na nani. Askari wa Keya waliopewa medali wameorodheshwa kwenye daftari za medali zilizoko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, katika mfululizo wa WO 329. Kwa askari wa Mjerumani, majalada ya wizara ya makoloni yako Berlin, katika Bundesarchiv, yaani Nyaraka za Taifa za Ujerumani, mfululizo wa R 1001, na sehemu kubwa inasomeka kwenye intaneti. Lakini majina ya askari wa kawaida humo ni machache. Waliobebeshwa mizigo na Wabelgiji kutoka Kigoma na Tabora watafutwe Brussels.

Wapagazi ndio waliosahauliwa kuliko wote, na inaniuma kuliandika hili. Waingereza walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja katika vita ile, na waliokufa, wengi kwa magonjwa na njaa, wanakadiriwa kukaribia 100,000. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu za askari za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa hazina jina la mpagazi hata mmoja. Kwa hiyo ukitafuta kwenye orodha ya Tume usimkute babu, usihitimishe kwamba hakwenda. Ukimya wa daftari hizo umetokana na walioamua nani aandikwe.

Na ile habari inayopingana uliyoitunza katika hatua ya kwanza, hapa ndipo inapoweza kufunguka. Binti mmoja anasema Juma alikuwa askari wa Mjerumani, mwingine anasema wa Keya. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha Keya kwa kuwaandikisha zaidi askari waliokuwa wa Mjerumani na kutekwa. Mtu mmoja angeweza kupigana pande zote mbili. Mabinti wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Kwa walioletwa mkonge, angalia miaka. Ofisi ya kuajiri manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, iliyojulikana kama SILABU ilianza 1944, ikachukua watu Kigoma, Songea, Njombe na hata nje ya mipaka. Mtu aliyeletwa na SILABU hawezi kuwa na mtoto wa kwanza aliyezaliwa Muheza 1922, ingawa mashamba yenyewe yalikuwa yakiajiri watu wa mbali tangu wakati wa Mjerumani.

Hatua ya 7: Watenge watu wenye jina moja

Ukishakusanya, utakuwa na akina Juma Feruzi watatu au wanne. Kila mmoja mpe ukurasa wake na herufi yake: A, B, C. Usiwaunganishe kwa sababu majina yanafanana. Chukulia ni watu tofauti mpaka angalau mambo mawili yasiyotegemeana, mbali na jina, yawafunge pamoja: namba, mke, mahali, msimamizi, mwenzake wa safari, mtoto.

Tuseme A yuko kwenye daftari la medali, kikosi cha sita cha Keya. B yuko kwenye kumbukumbu ya ndoa Tanga, 1339 Hijria, ameandikwa “wa Unyanyembe”, yaani nchi ya Wanyamwezi huko Tabora, na shahidi wake ni Uledi fulani. C yuko kwenye orodha ya wafanyakazi wa shamba la mkonge 1946, kijana asiye na mke.

Anza kwa kuondoa, kwa sababu kuondoa ni rahisi kuliko kuthibitisha. C hawezi kuwa babu: mwaka 1946 babu alikuwa na umri wa karibu miaka hamsini na alikuwa na watoto wakubwa. B anakubaliana na dirisha la umri, na mwaka 1339 unaangukia kati ya Septemba 1920 na Septemba 1921, kabla ya mtoto wa kwanza wa 1922. Rudi kwenye maelezo ya msiba: je, kuna Uledi aliyeshuka kaburini, au mtoto wa Juma aliyeitwa Uledi? Ikiwa ndiyo, na jina la mke linalingana na la bibi, B ni babu kwa uhakika mkubwa, na asili ya Tabora imepata nguvu. Ikiwa watani waliofika msibani walikuwa Wazaramo, imepata nguvu zaidi.

A bado anaelea. Mpaka upate medali yenye namba ileile, huna ruhusa ya kumweka kwenye nasaba. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu kazi nzuri, kwa sababu askari mwenye medali anapendeza kuliko mtu wa kawaida, na mjukuu anamtamani. Mwache A kwenye ukurasa wake mwenyewe. Huenda ana wajukuu wake wanaomtafuta.

Ukikwama, mwache babu kwa muda, mtafute Uledi. Alioa wapi, alizikwa wapi, wajukuu wake wanasema walitoka wapi? Ukoo wa mwenzake unaweza kuwa umehifadhi jina la kijiji ambacho wa kwenu umelisahau. Njia hii ni ndefu, lakini kwa wazee wasio na baba kwenye karatasi sijaona njia yenye matunda zaidi.

Kuhusu vipimo vya vinasaba: vinaweza kusaidia kwa swali finyu, kwa mfano kama koo mbili zina babu mmoja wa kiumeni, ukipima mwanamume mmoja wa kila upande. Visitarajiwe kukutajia kabila. Hifadhi za makampuni hayo bado zina watu wachache wa Afrika Mashariki. Tena kipimo cha mtu mmoja kinafichua siri za wengi, basi usipime kabla ya kuzungumza na wakubwa wa ukoo.

Hatua ya 8: Andika hitimisho lenye daraja

Mwisho wa kazi uwe maandishi, hata ukurasa mmoja. Kila dai lipe daraja: hakika, yaelekea sana, yawezekana, haijulikani. Andika sababu. Kwa mfano wetu ingesomeka hivi:

“Juma Feruzi aliyezikwa Muheza yaelekea sana ndiye Juma aliyeoa Tanga 1339 Hijria, kwa kuwa jina la mke linalingana, miaka inalingana na kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza, na shahidi wa ndoa ndiye aliyeshuka kaburini mwake kwa maelezo ya mabinti wawili waliokuwapo. Asili yake ya Unyanyembe yaelekea sana. Kwamba alikuwa askari wa Keya yawezekana. Binti mmoja anasema hivyo, lakini jina lililoko Kew halijafungwa naye kwa namba wala kikosi. Baba yake hajulikani. Feruzi huenda ni baba, huenda ni aliyemlea au aliyemmiliki.”

Katika mti wa ukoo, nafasi ya baba yake iachwe tupu. Usiijaze kwa “Feruzi” eti kwa sababu mti unaonekana pungufu, maana mjukuu atakayekuja baada yako atanakili jina hilo kama hakika na kujenga vizazi viwili juu yake. Kama utauweka mti kwenye tovuti ya nasaba kama FamilySearch, ambayo haitozi ada na imekuwa ikikusanya nasaba za mdomo katika nchi kadhaa za Afrika, weka daraja zako na sababu zako katika sehemu ya maelezo, na usiweke habari za watu walio hai.

Nakala ya sauti za wazee hifadhi mahali pawili tofauti na simu yako. Kila faili ipe jina la msemaji, mahali na tarehe, siyo namba zinazotolewa na simu. Nakala ya hitimisho wape wale waliokupa habari kwanza, uwasomee kama hawaoni vizuri, na uwaulize palipokosewa. Mara nyingi ni wakati wa kusomewa ndipo bibi husema, “Huyo Uledi tulimwita Babu Mdogo, na mwanawe yuko Korogwe.” Liandike kwenye daftari, safu tatu, kisha tafuta basi la Korogwe.